Mvi za mzee na picha niliyoiba: Somo nililolipata Ganze

MZEE alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yake ya udongo, mikono yote miwili juu ya bakora, jua la saa kumi na moja jioni likimpiga upande mmoja wa uso. Mvi zake zilikuwa nyeupe pe. Mimi nilikuwa nyuma ya ua wa jirani, na kupitia lenzi ndefu niliyoazima chuoni niliona kila kunyanzi la uso wake. Nikabonyeza mara saba. Hakujua.

Nikiwa kwenye matatu ya kushuka Kilifi nilichagua moja kati ya zile saba. Nikaigeuza nyeusi na nyeupe, nikazidisha vivuli hadi makunyanzi yakasimama kama yamechongwa, kisha nikaiposti Instagram. Niliweka na jina la eneo. Maelezo yalikuwa neno moja tu: "Wahenga."

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa mawasiliano hapa Malindi. Muhula huo mwalimu wetu wa upigaji picha alikuwa ametupa kazi: uso mmoja, hadithi moja. Rafiki yangu wa darasani alikuwa anaenda kwao kusalimia wazee, upande wa Ganze, nikamfuata. Niliporudi nilijua kazi nimeimaliza, tena kwa kishindo.

Kijiji chenyewe sitakitaja. Endelea kusoma utaona ni kwa nini.

Komenti zilipoanza

Siku ya kwanza laiki zilikuwa za marafiki. "Kali hiyo, bro." "Umeivisha." Siku ya tatu ukurasa mmoja wenye wafuasi wengi uliibeba picha yangu bila kuniuliza, na nikafurahi! Nilikuwa naangalia simu kila dakika tano kuhesabu waliofika.

Halafu zikaanza komenti za aina nyingine. Mmoja aliandika kwamba huyu lazima ana tunguri chini ya kitanda. Mwingine akasema sura kama hii ndiyo inayomaliza watoto kijijini. Emoji za kicheko zikafuatana. Kisha mtu akauliza, "Huyu si ni wa kule kwetu?" na wa chini yake akajibu kwa kutaja jina la kijiji.

Rafiki yangu alinipigia saa nne usiku. Hakunisalimu.

"Toa ile picha sahi hii."

"Kwani kuna nini? Ni komenti tu za watu wa mtandaoni."

"Watu wa huku wanaijua ile nyumba. Wewe toa."

Kama umekulia Nairobi ama Nakuru, huenda ukadhani rafiki yangu alikuwa anazidisha. Ila mtu wa Kilifi anajua. Katika kaunti hii, kwa miaka mingi, wazee wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ukichimba chini unakuta kuna shamba linalogombaniwa. Mvi zimekuwa ushahidi wa kutosha. Ndiyo maana kuna wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili waishi, na huko huko Ganze kuna Kaya Godoma, mahali panapohifadhi wazee waliokimbia makwao baada ya kutishiwa maisha.

Nilikuwa nayajua hayo yote. Nimeyasoma kwenye magazeti, nimeyasikia redioni. Lakini nilipomwona yule mzee kupitia lenzi, sikumwona kama mtu anayeishi katika kaunti hiyo. Niliona mvi, mwanga na makunyanzi.

Niliifuta usiku ule ule. Kwa wakati huo ilikuwa imeshasambaa kwenye kurasa nyingine na magrupu ya WhatsApp. Asubuhi nikasikia kwamba wanawe wamekubaliana mzee akalale kwa binti yake mjini kwa muda.

"Macho yako wapi?"

Nilimweleza mwalimu. Nilitarajia anigombeze. Aliniomba nimwonyeshe picha halisi, ile ambayo sikuwa nimeihariri, akaitazama kwenye kompyuta.

"Macho yako wapi?" akauliza.

Sikuelewa.

"Macho ya mzee. Yako wapi?"

Nikatazama vizuri. Kweli, hayakuwepo. Jua la upande lilikuwa limeweka kivuli kwenye paji la uso na macho yakazama kwenye mashimo mawili meusi. Nilipozidisha vivuli, nilizidisha na yale mashimo. Yaani mimi mwenyewe, kwa kidole changu kwenye skrini, nilikuwa nimemgeuza mzee wa watu kuwa kitu cha kutisha, kisha nikashangaa watu walipotishika.

"Umepiga picha ya mvi," mwalimu alisema. "Mtu bado hujampiga."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho nilikuwa nimekisoma kama masomo mawili tofauti. Kwenye daftari langu maadili yalikuwa na ukurasa wake, na mbinu za picha za sura zina ukurasa wao. Mwalimu alituonyesha wiki hiyo kwamba karibu kila mbinu nzuri ya kupiga sura inakulazimisha uwe karibu na mtu, naye akijua kwamba upo. Ukimwiba kwa mbali, unapoteza na picha yenyewe.

Chukulia mwanga. Hapa Pwani tuko karibu kabisa na ikweta. Malindi iko takriban digrii tatu kusini. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa jua liko juu ya utosi na linachimba vivuli chini ya macho, pua na kidevu. Dawa ni kumhamishia mtu kivulini: chini ya mwembe, barazani, ama pale ukingoni mwa paa la makuti ambapo mwanga wa nje unaingia kwa upole. Mgeuze uso kuelekea kwenye uwazi na utaona nukta ndogo ya mwanga ikiwaka ndani ya macho. Mchanga mweupe na kuta za chokaa zinarudisha mwanga bure. Ukikosa, leso nyeupe iliyokunjuliwa inafanya kazi hiyo. Lakini utamhamishaje mtu ambaye hujamsalimu?

Chukulia lenzi. Wengi wetu tunatumia simu, na lenzi ya kawaida ya simu ni pana. Ukimsogelea mtu sana, pua inakua na masikio yanakimbilia nyuma. Simama kama mita mbili, tumia kivutio cha mara mbili kama simu yako inacho, na ukiwa na kamera jaribu lenzi ya milimita 50 ama 85. Lenga jicho lililo karibu nawe. Mita mbili ni umbali wa mazungumzo. Huwezi kusimama mita mbili kutoka kwa mtu ukinyamaza na kamera usoni bila mambo kuharibika.

Chukulia rangi ya ngozi. Ukimpiga mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe wa Mji wa Kale, kamera inauona ule weupe, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso unazama gizani. Ongeza mwanga kidogo, ama kwenye simu gusa uso kisha sukuma ile alama ya jua juu. Usizidishe pia hadi ngozi ikawa kijivu. Tatizo hili lina historia yake: kwa miongo mingi kampuni ya Kodak ilizipa maabara za picha kadi ya mwanamke Mzungu, maarufu kama kadi ya Shirley, iwe kipimo cha rangi. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Mwaka 2021 Google bado ilikuwa inatangaza kama jambo jipya kwamba simu yake ya Pixel 6 inaionyesha ngozi nyeusi inavyostahili. Kwa hivyo usiiachie kamera iamue mtu anafananaje. Mwonyeshe picha, umuulize, "Ndivyo ulivyo?"

Wazee wetu walichagua pozi

Mwambao huu una desturi ndefu ya picha za sura, na ndani yake mpigwaji ndiye aliyekuwa bosi. Studio ya Parekh kule Mombasa ilikuwa na jina miaka ya 1950 na 1960. Watu walienda wamevaa nguo zao za harusi na za Idi, wakachagua watakavyokaa. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyeunganisha picha na michoro hadi mteja akatoka ndani ya ua ama pembeni ya maneno ya mapenzi. Miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni, wapiga picha wa mtaani walijenga vibanda vyenye mapazia ya ndege, meli na majumba ya fahari. Mtu aliyengoja feri aliweza kuondoka na picha yake akiwa abiria wa ndege.

Unaweza kucheka mapazia hayo. Lakini waliosimama mbele yake waliamua wenyewe wataonekana vipi, na picha ilikwenda nyumbani kwao. Yule mzee wa Ganze nilimpa nini kati ya hayo?

Darasani tulibishana pia upande wa pili. Mwenzetu aliuliza: kwani Mohamed Amin aliomba ruhusa kwa kila mtu kule Ethiopia mwaka 1984, picha zake za njaa zilipoutikisa ulimwengu? Je, Boniface Mwangi angesubiri idhini wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007? Ni maswali ya haki. Kuna picha ambazo taifa linazihitaji, na zikikosekana wenye makosa watakana. Lakini hata huko kuna mipaka. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, jamaa walikaa muda mrefu nje ya mochari ya Malindi wakingoja habari za watu wao. Kanuni za maadili ya uanahabari zinamtaka mwanahabari ashughulike na wenye majonzi kwa huruma na staha. Picha ya kaburi inaweza kuwa ushahidi. Picha ya karibu ya mama anayegaagaa chini, ikipostiwa na mwanafunzi anayetafuta wafuasi, inamsaidia nani?

Mimi sikuwa na hata kisingizio cha habari. Nilikuwa natafuta alama.

Sheria inasemaje

Vijana wengi tunaamini kwamba kilicho hadharani ni halali yetu. Polepole. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari yoyote inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi, na picha ya uso imo. Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo klabu moja ya burudani ilipigwa faini ya Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakukubali.

Sheria hiyo ina nafasi kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa, palipo na maslahi ya umma. Usiifanye nafasi hiyo kuwa mwavuli wa kila kitu. Na watoto ni jambo la kando kabisa. Ukienda ufuo wa Watamu ama Malindi msimu wa watalii, utaona mgeni akiwapiga watoto picha kwa malipo ya peremende. Tunamlaumu mgeni. Kisha na sisi tunafanya hivyo hivyo bila hata peremende. Idhini ya mtoto hutoka kwa mzazi ama mlezi wake.

Kurudi bila kamera

Mwalimu alinishauri nirudi Ganze, na kamera niiache. Nilienda na rafiki yangu na shangazi yake, tukabeba sukari kilo mbili na majani ya chai. Mzee alikuwa amerudi kwake baada ya wiki tatu. Tulipiga hodi, tukakaribishwa, na alipotoka ndani nilishindwa kuinua macho. Alikuwa amenyolewa kipara. Mwanawe alimnyoa usiku ule ule wa simu.

"Wewe ndiwe wa picha?"

"Ndimi, babu."

"Nionyeshe."

Sikutarajia hilo. Nilimpa simu. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Hapa nilikuwa nangoja mbuzi warudi."

Mimi nilikuwa nimeandika "Wahenga."

Nikaomba msamaha. Niliyatayarisha maneno mengi njiani lakini yaliyotoka yalikuwa machache. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Kwani ule ua ulikushinda kuvuka?"

Akaendelea kuniambia, bila kupandisha sauti, kwamba sokoni kijana mmoja alishamrushia neno la mzaha kuhusu picha ile, na wengine wakacheka. Alisema mzaha wa namna hiyo anaujua unakoelekea. Amewazika wawili wa rika lake.

Tulipoaga, ndipo aliposema anataka picha. Picha pekee aliyonayo ni ya kitambulisho, na ndani yake anaonekana mgonjwa. Alitaka ya kuweka ukutani, yeye na mkewe.

Tulirudi Jumamosi mbili baadaye, saa tatu asubuhi kwa sababu bibi alisema baada ya hapo ana kazi. Mzee alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na kofia. Aliuchagua mwembe mwenyewe. Kwa karibu nusu saa sikugusa kamera. Alinieleza kwamba zamani alikuwa mgema, hadi alipoanguka kutoka kwenye mnazi akavunjika mguu. Bakora ile ilianzia hapo. Bibi akaongeza kwamba alianguka kwa sababu alikuwa anamtazama yeye akipita kisimani. Mzee akakana. Sote tukacheka.

Niliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa ili niwe sawa na macho yao. Lenzi ya milimita 50, mita mbili, nyuso zao zikielekea uwazini. Nilipiga kidogo, nikawaonyesha, nikapiga tena.

Mimi niliipenda ile waliyokuwa wakicheka. Ilikuwa na kila kitu: mwanga machoni, mkono wa bibi begani, meno. Mzee aliikataa. Alichagua moja ambayo wameketi wima, wametulia, wanatazama lenzi moja kwa moja. "Hii," akasema. "Wajukuu wajue tulikuwa watu." Nikaisafisha Malindi mjini, nikaitia fremu, nikaipeleka mwenyewe.

Kabla hujabonyeza

Kama nawe unaanza, haya ndiyo niliyoyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu:

- Salimia kwanza, kamera ikiwa chini. Jua jina la mtu kabla hujajua mwanga wake.
- Sema picha itaenda wapi. "Ya darasani" na "ya Instagram" ni ruhusa mbili tofauti. Aliyekubali moja hajakubali nyingine.
- Mtu akikataa, shukuru uondoke. Mama karanga anayekataa kupigwa akikaanga samaki hana deni la kukueleza sababu.
- Usiweke jina la eneo kwenye picha ya mtu anayeweza kudhuriwa kwa kujulikana alipo: mzee, mtoto, aliyenusurika ukatili.
- Ukihariri, jiulize kama mwenyewe akiiona atajitambua.
- Rudisha picha. Nakala moja ya karatasi ni bei ya soda mbili tatu, na kwa aliyepigwa inaweza kuwa ya pekee aliyonayo.

Ile ya pili niliiwasilisha darasani kwa ruhusa ya mzee, "mwalimu wako aone," na mwalimu akanirudishia. Mzee alikuwa amenieleza wazi kwamba hiyo ni ya nyumba, haiendi kwenye simu za watu. Kwa hiyo makala hii haina picha yake, na ukiomba kwa DM sitakutumia.

Ya kwanza ndiyo bado inanisumbua. Niliandikia kurasa tatu zilizoibeba. Mbili ziliitoa. Ya tatu haijanijibu, na kila Jumapili jioni huwa naingia kutazama kama bado ipo. Bado ipo.